Namba 9,437,056 na Mwenzake: Hisabu Isitolewe Madrasani



Katika gazeti letu hili la kila mwaka tumezoea kusoma makala juu ya swala, saumu, adabu za mwanafunzi na haki za wazazi, na hayo yote ni mema. Mimi mwaka huu nimeona niandike juu ya namba moja tu, nayo ni 9,437,056. Najua wako watakaofungua ukurasa huu na kusema, "Maalim amepotea njia, hii ni kazi ya shule, si ya chuoni." Hao hasa ndio ninaotaka kuzungumza nao, maana rai yangu ni kwamba hisabu ina haki ya kukaa madrasani, na kwamba kuiondoa kwetu kunatuletea madhara ya namna mbili: tunashindwa kugawa mirathi, na tunakuwa chakula chepesi cha wauza hirizi.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Shuleni mnafundishwa kwamba namba inayogawanyika kwa mbili ni namba shufwa, na isiyogawanyika ni namba witiri. Ni wangapi kati yenu waliowahi kujiuliza maneno hayo yametoka wapi? Witiri ni ile ile mnayoiswali baada ya Isha, na shufwa na witiri zote mbili zimeapiwa mwanzoni mwa Suratul Fajr, sura ambayo wengi wenu mmeihifadhi tangu mko Juzuu Amma. Kwa hiyo mwalimu wa hesabu anaposimama ubaoni anatumia lugha yenu, ila nyinyi hamumtambui.

Kisha kuna namba tasa. Hii ni namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa nafsi yake, kama 5, 7, 11 na 71. Na vigawo vya namba ni zile namba zinazoigawa bila ya kubakisha kitu. Vigawo vya 12, ukiiacha 12 yenyewe, ni 1, 2, 3, 4 na 6. Ukivijumlisha unapata 16, ambayo imeizidi 12, na kwa hiyo 12 huitwa namba zaidi (zaaid). Vigawo vya 8 ni 1, 2 na 4, jumla yake 7, basi 8 ni namba pungufu (naaqis). Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6 barabara, haikuzidi wala haikupungua, na hiyo huitwa timilifu (taamm). Namba timilifu ni chache mno. Baada ya 6 inakuja 28, halafu 496, halafu 8,128, kisha lazima uruke mpaka kwenye mamilioni.

Mgawanyo huu wa namba katika makundi matatu uliandikwa na Wagiriki, na kitabu cha Nicomachus wa Gerasa, mji ambao leo uko Jordan, kilifasiriwa kwa Kiarabu na Thabit ibn Qurra. Huyu Thabit alizaliwa Harran, mji ulioko leo kusini mwa Uturuki, akaenda Baghdad akafanya kazi pamoja na wana wa Musa, ndugu watatu waliokuwa mabingwa wa hisabu, na akafariki mwaka 901, sawa na 288 Hijria. Napenda niseme wazi jambo ambalo magazeti yetu mengi hulificha: Thabit hakuwa Mwislamu. Alikuwa Msabii na alikufa katika dini yake. Alipewa nafasi Baghdad kwa ajili ya elimu yake, na hilo ni jambo la sifa kwa waliompa nafasi. Hatuna haja ya kumsilimisha mtu baada ya miaka elfu na mia moja ili tupate kujivuna.

Sasa tuje kwenye urafiki wa namba. Wagiriki wa kale walijua jozi moja ya namba za ajabu, 220 na 284. Chukua vigawo vya 220 ukiiacha yenyewe: 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Jumlisha. Utapata 284. Sasa chukua vigawo vya 284, navyo ni 1, 2, 4, 71 na 142, ujumlishe. Utapata 220. Kila mmoja amebebwa tumboni mwa mwenzake. Waarabu wakaziita namba zinazopendana, al-aadad al-mutahabba. Ila jozi ilikuwa hiyo moja tu, na hapakuwa na aliyeandika njia ya kupata nyingine, mpaka Thabit alipoweka kanuni na kuithibitisha kwa dalili.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuifanya, na nataka kila mwenye daftari aifanye. Anza na namba inayopatikana kwa kuizidisha 2 kwa 2 mara kadhaa: 4, 8, 16, 32 na kuendelea. Tuchukue 4. Izidishe kwa 3, upate 12. Chukua nusu yake, yaani 2, nayo uizidishe kwa 3, upate 6. Toa 1 katika kila moja, upate 11 na 5. Kisha zidisha 12 kwa 6, upate 72, utoe 1, upate 71. Hapo kuna sharti: hizi tatu, 11, 5 na 71, lazima zote ziwe tasa. Zikiwa tasa, basi zidisha 4 kwa 5 kwa 11, utapata 220. Na zidisha 4 kwa 71, utapata 284. Umeifikia jozi ya Wagiriki bila ya kubahatisha.

Jaribu kwa 8. Utapata 23 na 11, zote tasa, lakini ya tatu ni 287, nayo ni 7 mara 41. Sharti limevunjika, hakuna jozi. Jaribu kwa 16. Utapata 47, 23 na 1,151, zote tasa, na jozi inatoka: 17,296 na 18,416. Hii ndiyo jozi waliyoiandika Ibn al-Banna wa Marrakesh na Kamal al-Din al-Farisi wa Uajemi, watu wawili wa zama moja, mmoja magharibi kabisa na mwengine mashariki. Al-Farisi, ambaye pia ndiye aliyeeleza vizuri namna upinde wa mvua unavyotokea, aliandika risala nzima juu ya namba hizi akaiita Tadhkirat al-Ahbab, na ili athibitishe kanuni ya Thabit kwa njia yake mwenyewe ilimbidi aeleze namna kila namba inavyovunjika mpaka ikabaki tasa tupu. Miaka mia tatu na zaidi baadaye, mwaka 1636, Mfaransa Pierre de Fermat akaitoa jozi hiyo hiyo, na vitabu vingi vya Ulaya kwa muda mrefu vikaiita jozi ya Fermat.

Kwa 32 kanuni inaanguka, maana 95 ni 5 mara 19. Kwa 64 inaanguka kwa 95 ile ile. Wengi wetu hapo tungefunga daftari. Lakini ukiendelea mpaka 128 unapata 383, 191, na namba kubwa 73,727. Hapa ndipo penye kazi. Utajuaje kwamba 73,727 ni tasa? Hapana njia ya mkato kwa mtu mwenye kalamu na karatasi. Inabidi uigawe kwa kila namba tasa kuanzia 2, 3, 5, 7 mpaka 271, na hizo ni namba 58, na kila mara ubaki uonekane. Ukishapita 271 unaweza kusimama, kwa sababu 272 mara 272 ni 73,984, imeshaipita namba yako. Kama ingekuwa na kigawo kikubwa kuliko hapo basi mwenzake angekuwa mdogo na ungeshamkuta njiani.

Imesimama. Basi 128 mara 191 mara 383 ni 9,363,584, na 128 mara 73,727 ni 9,437,056. Jozi hii ilitajwa Uajemi zama za Masafawi na Muhammad Baqir Yazdi, na Ulaya ikatolewa mwaka 1638 na René Descartes. Hakuna kati yao aliyekuwa na kikokotoo.

Mwanafunzi asiniamini kwa kuwa mimi ni maalim. Aandike vigawo vya 9,437,056. Vya kwanza ni 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128, jumla yake 255. Vinavyofuata ni 73,727 na marudufu yake: 147,454, 294,908, 589,816, 1,179,632, 2,359,264 na 4,718,528. Jumla ya hivi saba ni 9,363,329. Ongeza 255 zako. Unapata 9,363,584, mwenzake, bila ya kuzidi hata moja. Na ukimpima kila mmoja kwa mizani tuliyoitaja mwanzo, utaona 9,363,584 ni namba zaidi, maana vigawo vyake vinamzidi, na 9,437,056 ni pungufu. Mmoja ana ziada ya 73,472 na mwengine amepungukiwa na hizo hizo 73,472. Sijui kama nina neno la kuongeza hapo. Ni jambo la kupendeza tu, na kupendezwa na kazi ya Mola si haramu.

Lakini angalieni watu walivyozifanya namba hizi. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake, kwenye mlango wa uchawi na talasimu, anataja kwamba watu wa talasimu wanadai 220 na 284 zina athari ya kuleta mapenzi baina ya watu wawili, na naye Ibn Khaldun ameeleza kwamba sharia imeufunga mlango wa uchawi na talasimu. Hiyo ilikuwa karne ya 14. Hebu piteni leo mitaani mwetu muone. Vijikaratasi vyenye miraba iliyojazwa namba vinauzwa kwa kijana anayetaka kupendwa, kwa mama ambaye mume amemkimbia, kwa mwanafunzi anayeogopa mtihani. Anayenunua hajui kilichoandikwa. Nina hakika kwamba wauzaji wengi nao hawajui, wamenakili tu kitabuni, na namba moja ikinakiliwa vibaya haijulikani. Mwanafunzi aliyewahi kukaa akaandika vigawo vya 284 kwa mkono wake, akaona kwamba siri yote ya urafiki ule ni kujumlisha, ataogopa nini kwenye karatasi ile? Ataiona ni namba. Ndiyo maana nasema kuisoma hisabu ni sehemu ya kulinda tawhid ya vijana wetu. Mawaidha ya kukataza hirizi tunayatoa kila mwaka, na bado zinanunuliwa.

Ugonjwa wa pili unafanana na huo ingawa umevaa kanzu nyeupe. Nao ni ule wa kutafuta miujiza ya Qur'ani kwa kuhesabu. Mtu anakuletea ujumbe kwenye simu kwamba neno fulani limetajwa mara kadhaa, sawa na idadi ya kitu fulani, na kwamba ukiutuma kwa watu kumi utapata kheri. Ukimwuliza amehesabu vipi, je, ameingiza wingi wa neno na viambishi vyake au ameviacha, hajui. Mnaweza kudhani hili ni jambo dogo. Mmisri mmoja aliyekuwa akiishi Marekani, Rashad Khalifa, alianza mwaka 1974 kutangaza kwamba Qur'ani yote imejengwa juu ya namba 19. Hesabu yake ilipogoma kuingia, alizikataa aya mbili za mwisho za Suratu Tawba ili namba yake ipone. Mtu alianza kwa kutaka kuitukuza Qur'ani, akaishia kuipunguza. Qur'ani haikuwa na haja ya 19 yake, na haina haja ya 9,437,056 yangu. Namba hii sikuileta hapa kama muujiza. Nimeileta kama kazi.

Na kazi hiyo ina mahali pake katika vitabu vyetu wenyewe. Wale mliofika darasa la faraidh mnajua kwamba kabla ya kugawa mirathi unazitazama namba mbili na kuuliza zina uhusiano gani: tamaathul zikiwa sawa, tadaakhul moja ikiingia ndani ya nyingine, tawaafuq zikishirikiana katika kigawo, au tabaayun zikiwa hazishirikiani kitu. Kwa nini 6 na 8 zinatupa 24 wala si 48? Kwa sababu zina tawaafuq katika nusu. Hicho ndicho shuleni wanachokiita Kigawe Kidogo cha Shirika, na watoto wetu wanakisoma asubuhi shuleni kwa jina hilo, jioni chuoni kwa jina lile, na hakuna anayewaambia kwamba ni kitu kimoja. Hata namba zetu kubwa mbili, 9,363,584 na 9,437,056, ukiziingiza kwenye mizani ya faraidh utakuta ni tawaafuq, na kinachoziunganisha ni 128. (Kwa Kiarabu kinachobaki baada ya kugawanya huitwa wafq, na neno hilo hilo watu wa talasimu wanaitia miraba yao. Neno moja, njia mbili.) Al-Khwarizmi mwenyewe, ambaye kila mwaka kwenye maulidi tunasikia kwamba ndiye baba wa aljebra, sehemu kubwa ya kitabu chake aliijaza masuala ya wasia na mirathi. Hao hawakuona ukuta baina ya fiqhi na hisabu. Ukuta tumeujenga sisi.

Niwape mfano muone nani anaumia. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mali iliyobaki baada ya madeni na wasia ni shilingi 27,000,000. Mke ana thumuni, mabinti wana theluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Mgawaji asiyejua hisabu anaanza: mke 3,375,000, mabinti 18,000,000, baba 4,500,000. Amefika kwa mama, mkononi mwake zimebaki 1,125,000 tu. Mama ambaye fungu lake ni sawa na la baba anapata robo yake, kwa kosa moja la kutajwa mwisho. Au mgawaji anamwanza mama, na mke ndiye anayetoka mikono mitupu! Mafungu yaliyotajwa yanafika 27 juu ya 24, kwa hiyo lazima kuwe na awl, na kila mtu apungukiwe kwa uwiano wake. Mke anapata 3,000,000, kila binti 8,000,000, baba 4,000,000, mama 4,000,000, na senti haikubaki. Suala hili ni mashuhuri, linaitwa Minbariyya, na linanasibishwa na Sayyidna Ali (R.A.) kwamba alilijibu akiwa juu ya mimbari, papo hapo. Sasa jiulizeni, katika mtaa wenu ni wangapi wanaoweza kulijibu wakiwa wamekaa, na karatasi mbele yao? Mara nyingi utamkuta mzee mmoja. Na akifariki huyo mzee?

Wako walimu wenzangu, nawaheshimu, wanaosema muda wa madrasa hautoshi hata kwa Qur'ani na fiqhi, seuze kwa namba. Hoja yao ina uzito. Saa mbili za jioni si nyingi, na mtoto anafika amechoka. Lakini siombi somo jipya. Naomba kwamba faraidh isifundishwe kwa kukariri jedwali la mafungu peke yake, bali ianze na vigawo, na kwamba tuianze mapema, mtoto akiwa na miaka kumi au kumi na mbili, badala ya kuiweka mwisho kabisa wanapokuwa wengi wameshaacha chuo. Na mabinti wasome sawa na wavulana, maana wao ndio mara nyingi wanaokatwa mafungu, na anayejua hesabu yake ni vigumu kudhulumiwa kimya kimya.

Anayedhani kwamba haya ni ya wakubwa tu, nimweleze habari moja. Mwaka 1747 Mswisi Leonhard Euler, pengine bingwa mkubwa kuliko wote katika fani hii, alitoa orodha ya jozi 30 za namba zinazopendana, na baadaye akaongeza nyingi. Ilidhaniwa kwamba zile ndogo zote zimeshaokotwa. Mwaka 1866 kijana wa Kitaliana wa miaka 16, Nicolò Paganini, akatokeza na jozi 1,184 na 1,210. Wakubwa wote walikuwa wameipita, kwa sababu kanuni ya Thabit haiitoi. Leo kwa msaada wa kompyuta zimepatikana jozi zaidi ya bilioni moja, na bado hakuna ajuaye kama zina mwisho au hazina. Wala haijapatikana jozi ambayo mmoja wake ni shufwa na mwengine ni witiri, na hakuna aliyethibitisha kwamba haiwezekani.

Basi kazi ni hii. Wa madarasa ya chini, niandikieni vigawo vya 1,184 na vya 1,210, mvijumlishe. Wa faraidh, mgawe shilingi 27,000,000 zile zile, ila mara hii baba awe ameshafariki kabla ya mwanawe, na mnieleze kama awl bado ipo. Majibu yaandikwe kwa mkono, kila hatua ionekane, yaletwe chuoni kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka. Nitayasoma yote.